Joto la Kiti cha Leodgar

Wewe umewahi kukalia kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, ukakikuta bado kina joto lake? Mwili hushtuka kidogo, halafu huzoea. Sasa fikiria aliyeinuka yuko kaburini, masika yamekwisha, majani juu ya kaburi yamefyekwa na kuota tena, na joto lake bado lipo.

Ndivyo alivyolikuta Nyamizi, mjane wa Leodgar, mrina asali wa Ipole.

Leodgar aliacha mizinga porini, nyumba ya matofali ya kuchoma na pikapu moja ya kijani. Pikapu hiyo ilikuwa kuukuu. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani, na sakafu ilikuwa imeshika asali ya miaka mingi hata ndala zilikuwa zikinata ukitaka kushuka. Magari ya siku hizi betri hukaa mbele, jirani na injini. Hili la Leodgar betri yake ilikaa chini ya kiti cha abiria, imefunikwa kipande cha bati, na juu ya bati ndipo ulipowekwa mto wa kukalia.

Katika kiti hicho ndimo alimofia. Kifua kilimkaba alfajiri, na mvua ilikuwa imekesha. Mdogo wake Emilian akashika usukani, Leodgar akaegemezwa mlangoni, Nyamizi akabanana katikati yao, kichwa cha mumewe begani kwake. Walikuwa wanakimbilia hospitali. Kabla hawajaiona Sikonge, pumzi za Leodgar zilianza kutoa mlio wa maji yanayotokota kwenye sufuria yenye kifuniko, kisha zikanyamaza. Emilian aliendelea kuendesha kitambo kizuri bila kujua, maana Nyamizi hakusema kitu.

Baada ya arobaini, yeye na Emilian walipakia madumu ya asali kwenda Tabora. Nyamizi akakaa kwenye kiti kile. Hawajafika mbali akasikia joto likimpanda mapajani. Akadhani ni jua. Kisha akasikia harufu, kama mayai viza, inakuja na kupotea. Na gari liliposimama kupisha ng'ombe, chini yake akausikia mlio ule: maji yanatokota chini ya kifuniko. Ni pumzi za Leodgar, zile zile za mwisho.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja pembeni mwa kiti akakiacha hapo mpaka Tabora.

Emilian naye alikuwa na yake. Barabara ile, kama unavyojua, ni njia ya watu wa kale. Wapagazi waliipita na mizigo mabegani, na aliyeanguka aliachwa alipoanguka. Kuna mbuga moja ndefu, iliyonyooka, na kila mara pikapu ilipofika hapo jioni taa zake zilibadilika. Zilikuwa za manjano, zikawa nyeupe kama radi, halafu pu! moja ikapasuka. Safari nyingine, mbuga ile ile, pu! nyingine.

"Wale wapagazi," alisema Emilian. "Wamemchukua kaka, sasa wanataka na lifti."

Alitania, lakini macho hayakutoka kwenye kioo cha nyuma.

Alijaribu vya kujaribu. Alifunua bati akakuta betri imekauka, akaijaza maji. Baada ya safari mbili ikakauka tena. Akanunua betri mpya, nayo ikachemka na kukauka vile vile. Hapo Emilian akaacha habari za betri. Usiku ule alimwaga maji na unga wa mtama kwenye tairi la mbele, yeye mzee wa kanisa, akaomba kaka yake apumzike. Vitenge vya Nyamizi vilianza kutoboka kwa nyuma, vitundu vidogo vidogo, hata akina mama wa kwaya wakamuuliza kama ana panya nyumbani.

Lakini kuna jambo Emilian hakulijua. Kila walipotoka safari, yeye akishaenda kwake, Nyamizi alirudi garini. Alikaa juu ya joto lile, akamweleza mumewe kwa Kinyamwezi mzinga upi umehamwa na nyuki, upi umejaa, nani kaoa, bei ya dumu imekuwaje. Joto lilipungua taratibu, na yeye hakuondoka mpaka liishe lote. Hata kwenye ndoa yao hawakuwahi kuongea namna ile.

Mwisho Emilian akachoka kuogopa.

"Shemeji, namwita mtu wa vyuma chakavu," alisema. "Gari lenye mtu ndani siliendeshi tena."

"Na asali itafika mjini kwa miguu?"

"Itafika kwa gari lingine, tutakodi."

"Tutakodi kwa faida ipi? Bila gari mizinga ya kaka yako nitaiachia nyegere."

Emilian alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na ukoo ulikuwa umeliacha gari mkononi mwake. "Haya. Twende kwa fundi. Akinionyesha kwa macho yangu kwamba ni waya, funguo chukua, gari lako, na mimi nitakuendesha mpaka ujifunze. Asiponionyesha, linakwenda kupimwa kilo."

Nyamizi alikubali. Na hapo hapo akajua amejifunga mwenyewe: ili gari libaki, ilibidi athibitishe kwamba Leodgar hayumo.

Fundi walielekezwa mtaa wa Ng'ambo, pale Tabora, nyuma ya mashine ya kusaga. Walimkuta mwanamke mdogo kwa Nyamizi kwa umri, ovaroli ya bluu, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, anamenya waya kwa meno.

"Shikamoo mama," mwanamke yule alimwamkia Nyamizi.

"Marahaba mwanangu."

"Fundi rewaya, wa umeme wa magari, yuko wapi?" Emilian aliuliza.

"Unamwona."

"Namtafuta Najiat."

"Basi endelea kumtafuta huku unamwangalia."

Emilian alijikohoza. Alieleza yote: harufu, pumzi, taa za mbugani. "Kwa kifupi, fundi, gari hili lina mtu."

"Analipa nauli?"

"Usifanye mchezo. Kaka yangu alifia humo."

Najiat aliacha mzaha. "Poleni sana. Mungu amrehemu." Akamtazama Nyamizi, akauona uso wake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nitalishika kwa adabu, mama."

Alifunua kiti, akatoa bati. Akaweka nyaya mbili za mita ya umeme kwenye vichwa vya betri, gari likiwa limezimwa, akasoma. Sawa. Akamwambia Emilian awashe. Injini ikanguruma polepole, namba zikapanda kidogo, zikatulia kwenye volti kumi na nne.

Najiat alikunja uso. "Hapa haina tatizo. Altaneta inailisha betri umeme vizuri."

"Si nilisema!" Emilian alitoa kichwa dirishani. "Waya ungeonekana!"

Na Nyamizi, nakwambia kweli, alifurahi. Furaha ilimjaa kifuani kabla hajaiona inatoka wapi. Si waya. Ni yeye. Kisha akaiona maana yake, kwamba gari linakwenda kupimwa kilo na kiti chake pamoja nalo, na asijue aombe nini.

Najiat hakuwa amemaliza. "Kaka, hiyo mbuga mnayosema, barabara ikoje?"

"Imenyooka. Ndipo peke yake ninapoweza kukanyaga mafuta."

"Basi kanyaga sasa."

Emilian akakanyaga. Injini ikapiga kelele, namba zikaanza kukimbia: kumi na tano, kumi na sita, zikavuka. Ndani ya betri maji yakaanza kutokota, na ule mlio ukatoka, mchana kweupe, mbele za watu, pamoja na harufu yake.

Emilian aliruka nje ya gari bila kuzima.

"Rudi ukakanyage!" Najiat alimkemea. "Huyo si mtu, ni betri inalishwa kupita kiasi. Asidi inachemka, inatoa hewa mbaya. Mvuke wake ndio unaotoboa nguo. Mama, hebu geuka." Akakiangalia kitenge cha Nyamizi kwa nyuma, akatikisa kichwa. "Umekaa juu ya jiko, mama yangu. Cheche moja tu ingeruka, tungekuzika na wewe. Na taa nazo zinakula umeme huo huo mwingi, ndiyo maana zinapasuka."

"Na kwa nini inalishwa hivyo?" Nyamizi aliuliza.

Najiat alimwonyesha kiboksi kidogo cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa injini. "Hiki kinaitwa regulator. Kazi yake kuitazama betri. Ikishiba, kinaiambia altaneta basi, punguza. Sasa, ama kimekufa, ama hakioni vizuri. Tuone."

Akachukua kipande cha waya. Ncha moja akaigusisha kwenye betri, upande wa hasi, nyingine kwenye mwili wa kile kiboksi. Emilian alikuwa amesharudi garini na kukanyaga vile vile. Namba zikashuka mpaka kumi na nne, zikakaa. Najiat akautoa waya: zikapanda. Akaurudisha: zikashuka. Mlio chini ya kiti ulilegea, ukawa wa kukatika katika, ukakoma.

Nyamizi aliusikia ukikoma. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake.

"Kizima," Najiat alisema. "Ila hakigusani na bodi ya gari. Ethi yake, njia ya umeme kurudi kwenye betri, imekufa. Hakipati kipimo cha kweli, kinadhani betri ina njaa kila siku." Akamwambia Emilian azime, akachukua spana, akafungua bolti. Akaliinua boksi, akainama karibu. "Loo. Nani alipaka nta hapa?"

Wote wawili walijua. Leodgar alikuwa akipaka nta kila kitu: nyuzi za viatu, bawaba za milango, mishono ya mwavuli, kila bolti aliyoifikiria itashika kutu. Mvua zikikaza, alikaa uani na donge lake la nta karibu na moto, akilainisha kwa vidole.

"Juu ya bolti ingekuwa sawa," Najiat alisema. "Huyu alifungua akapaka chini, nene, kisha akabana juu yake. Nta haipitishi umeme." Aligeuza boksi kwenye mwanga. Katikati ya nta ya manjano palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote imehifadhika.

Nyamizi alisogea. Alilitambua lile kovu linalokata dole kwa mshazari, la panga la kuchongea mizinga.

"Ni yeye," alinong'ona Emilian. "Unaona, fundi? Ni yeye kweli."

Najiat alifikiri. "Mnasema ilianza baada ya msiba?"

"Baada," alisema Emilian. "Kabla ya hapo hapakuwa na kitu."

Nyamizi alikuwa bado ameikazia macho ile alama. Kitu kilikuwa kinamjia ambacho alikuwa akikisukuma tangu asubuhi ile ya mvua. Njiani, kabla pumzi hazijabadilika, Leodgar alikuwa amejaribu kujiinua. "Kiti kina moto, Nyamizi," alisema. "Niinue." Yeye akadhani ni homa inasema. Akamfuta jasho, akamkandamiza arudi pale pale. Na wiki ile ile ndiyo aliyokuwa amepaka nta.

Leodgar alikuwa bado hai, na joto lilikuwepo tayari. Basi halikuwa lake. Nyamizi angeweza kunyamaza. Emilian alikuwa tayari kuamini alama ya dole, gari lingeuzwa, na yeye angebaki na imani yake bila kiti. Au angesema, abaki na gari.

"Kabla," alisema.

"Nini?"

"Ilianza kabla, Emilian. Siku ile mwenyewe aliniambia kiti kina moto. Wewe ulikuwa unapambana na matope, hukumsikia."

Emilian aligeuka kukitazama kile kiti.

Najiat alikuwa ameshika kitambaa chenye petroli, lakini mkono wake ulisimama juu ya ile alama. "Mama, nikisafisha inafutika. Nikiiacha, betri itachemka hivi hivi. Nifanyeje?"

Nyamizi aliitazama sana. Hakuigusa, aliogopa kidole chake kingeiharibu.

"Safisha, mwanangu."

Najiat alisafisha mpaka chuma kikang'aa, akapiga msasa, akabana bolti. Walizunguka na gari mpaka mtaa wa Chemchem na kurudi, Emilian akikanyaga kwa hasira kila alipopata nafasi, mita ikiwa imelala mapajani kwa Nyamizi. Namba hazikupanda. Harufu haikuja. Waliposimama, Najiat aliwachungulia dirishani, akasema mambo yote sawa, akaenda kwa mteja mwingine.

Emilian alichomoa funguo, akamnyooshea Nyamizi, akicheka kwa mara ya kwanza tangu masika. "Haya, dereva! Umenishinda. Kumbe nilimwagia tairi unga wa bure. Usiwaambie wazee wa kanisa."

Nyamizi hakupokea. Alikuwa ameketi, viganja vyote viwili vimebonyezwa juu ya mto uliopoa, kushoto na kulia.

"Shemeji? Si ndicho ulichokitaka?"

"Gari nililitaka, Emilian," alisema. "Lakini nilitaka awe yeye."