Benchi la Tatu, Upande wa Dirisha

Afya ya kiroho ya kanisa hupimwaje? Makao makuu walituma fomu ya kurasa nne, pamoja na mkaguzi mmoja mwembamba mwenye kikohozi. Wiki nzima kabla hajafika, hapakukalika. Kuta zilipakwa chokaa, kwaya ikafanya mazoezi mpaka sauti zikakauka, na wale wasiosalimiana wakaombwa wasalimiane, japo Jumapili hiyo moja tu, jamani.

Kazi ya kujaza fomu alipewa karani wa kanisa, mama wa makamo ambaye siku nyingine ni fundi cherehani. Alisifika kwa mwandiko mzuri na sauti ya kusoma. Sauti hiyo ndiyo iliyomponza zamani, tutafika huko.

Mkaguzi akaja mapema, hakujitambulisha, akaenda kuketi benchi la tatu, upande wa dirisha. Loo! Kanisa zima liligeuza shingo. Pale hapakaliwi. Kila Jumapili, mwaka wa tisa sasa, karani huweka kitabu cha nyimbo pale, kisha yeye huketi kando yake. Mgeni alikisogeza kitabu, akakaa, benchi likayumba kwa mguu wake uliolegea, nusura limwangushe chini.

"Samahani baba," karani alimnong'oneza, "hapo pana mwenyewe."

"Yuko njiani?"

Karani akakichukua kitabu, akakipakata.

Mwenyewe alikuwa kaka yake, seremala, watu wakimwita Randa. Mabenchi yote mle ndani aliyatengeneza yeye. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Miaka tisa nyuma, mbao sita za kutengenezea mimbari zilipotea. Wazee wa kanisa wakamnyooshea kidole Randa, eti nani mwingine ana haja na mbao? Wakaandika barua ya kumtenga. Aliyeisoma mbele ya watu ni karani, mdogo wake wa tumbo moja, kwa sauti safi, bila kukwama hata mara moja. Randa aliinuka pale dirishani, akachukua kofia yake, akatoka.

Miezi miwili baadaye mbao zikaonekana nyuma ya jukwaa la kwaya, chini ya turubai. Wazee wakatazamana. Funika kombe mwanaharamu apite! Mimbari ikatengenezwa, ikaombewa, mambo yakaendelea. Kila mtu alisema moyoni kwamba Randa akipoa atarudi mwenyewe.

Na wala hakuhama. Karakana yake ipo mtaa wa pili tu. Karani akiwa kwenye cherehani husikia msumeno wa kaka yake, naye hukanyaga polepole ili ausikie vizuri. Wakikutana njiani ni shikamoo, marahaba, basi. Alimkumbuka sana kaka yake yule wa zamani, wa utani na vicheko. Lakini aibu ina uzito, bwana. Miguu haikumbeba kufika pale mlangoni.

Baada ya ibada wakaingia ofisini: mchungaji, mwenyekiti wa wazee, karani na mgeni wao. Mkaguzi aliuliza, karani akaandika. Mahudhurio? Mazuri. Maombi? Kila Jumatano. Upendo?

"Tele!" akasema mwenyekiti. "Andika tele."

Likaja swali la kumi na mbili. Je, kuna mtu mliyemkosea ambaye hamjamwomba radhi?

"Hakuna," mwenyekiti akadakia. "Twende la kumi na tatu."

Kalamu haikwenda.

"Mama, wino umeisha?" mchungaji akauliza.

"Wino upo, mchungaji." Karani akainama, akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri: *Yupo. Anakaa mtaa wa pili. Barua niliisoma mimi.*

Mwenyekiti alichungulia, akaruka. "Ala! Unatuvua nguo mbele ya mgeni?"

"Mzee wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Si mmesema hii ni fomu ya afya?"

Mkaguzi akakohoa, akafuta mdomo. "Na lile benchi, mbona halitengenezwi?"

"Tunamngoja fundi wake," mchungaji akajibu.

"Mmemwita?"

Karani alifunika kalamu, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akatoka bila kuaga.

Randa alikuwa karakanani, ameketi tu, maana Jumapili hashiki msumeno. Alipomwona mdogo wake mlangoni alishtuka. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Shikamoo kaka. Hajafa mtu."

"Marahaba. Wazee wamekutuma?"

"Sikutumwa. Barua ile niliisoma nikijua wewe si mwizi. Niliwaogopa. Nisamehe, kaka yangu."

Randa alipitisha kidole gumba juu ya meza yake ya kazi, akaondoa vumbi la mbao. "Zilipoonekana, ulijua?"

"Nilijua siku hiyohiyo."

"Mimi niliambiwa na muuza misumari. Nikasema, basi, kesho mdogo wangu atakuja." Alionyesha kiti kidogo kando ya mlango, kisafi, hakina hata chembe ya vumbi katika karakana ile iliyojaa vumbi. "Nikakupangusia kiti. Nakipangusa kila Jumapili."

Miaka tisa! Machozi yakamtoka karani, hata hakuyafuta.

"Lile benchi bado linayumba?" Randa akauliza.

"Leo nusura limwangushe mgeni wa makao makuu."

Randa akacheka, kicheko kilekile. Kisha kicheko kikakatika. "Kesho nitakuja na gundi niukaze ule mguu. Habari ya Jumapili usiniulize. Sijui."

"Sikuulizi, kaka."

Akaweka kitabu cha nyimbo juu ya meza ya kaka yake, akaenda kwenye kile kiti, akakaa.