Madoa ya Kware

Asubuhi hiyo Bi Murtini alifunua kitambaa kwenye kibao cha tofu, ile jibini ya soya aliyoitengeneza kuuza sokoni, akaikuta imetoka madoa. Madoa ya kahawia na meusi, makubwa kwa madogo, sawasawa na ya yai la kware. Akachukua kisu akaparua juu. Chini yake kulikuwa na madoa mengine. Akakata kipande katikati. Madoa mpaka ndani. "Haya," alisema, akafunika tena, akaenda kuosha sufuria.

Sababu aliijua. Nyuma ya ukuta wake Mzee Sukamdi, mwenyekiti wa mtaa, alifuga kware kwenye vizimba vya ghorofa, kuanzia chini hadi karibu na vigae. Kila kukicha alimwaga maji, na mavi yakateremka kwenye mfereji unaopita kando ya kisima cha Bi Murtini: uji wa kijani, mzito, wenye manyoya, na funza wakicheza juu yake. Mavi ya kuku ni marashi ukilinganisha. Uvundo wa kware unaingia puani, unashuka kooni, unakaa ulimini utadhani umeulamba. Na maji ya kisima hicho ndiyo aliyolowekea soya. Mjane huyu hakuwa na kazi nyingine ya kumlisha.

Mtaa mzima haukunusa kitu. Sukamdi alipoanza kufuga alifanya kisomo, na kama ilivyo desturi katika mji wao wa Blitar, kila mwalikwa alirudi kwake na kisanduku cha chakula, ambacho wenyewe hukiita baraka. Ndani mlikuwa na wali na mayai ya kware yaliyopikwa kwa pilipili. Waliokula, pua zao ziliufungia mlango uvundo huo tu. Mvua ikija waliinusa. Samaki akiungua jikoni kwa jirani walimnusa. Mavi ya kware, hapana. Bi Murtini peke yake hakula, maana aliwahi kupasua yai la kware akakuta kifaranga na macho yake. Baraka yake aliwapa bata, na tangu hapo bata wale huogelea mferejini kwa raha zao.

Siku chache baadaye alimpelekea tofu jirani yake, Bi Tukinem, shoga yake wa miaka na miaka.

"Hebu nusa."

Bi Tukinem akanusa. Nzi wawili walimtembea mdomoni. Mmoja akaingia ndani, mwenyewe akammeza, akaendelea na maneno yake. "Mbona safi? Labda pua yako, shoga. Utu uzima huo."

"Na wateja wa sokoni wanaonirudishia tofu, nao utu uzima?"

"Basi nenda kwa mwenyekiti. Lakini taratibu, ee? Mtu mwema yule."

Kwenye kikao cha mtaa Bi Murtini aliweka sinia mezani. Watu wakaitazama, wakaendelea kutafuna karanga. Mzee Sukamdi alivaa miwani, akageuza kipande baada ya kipande, uso ukimchanua. Kila kware jike hutaga yai lenye madoa yake mwenyewe, hayabadiliki mpaka afe, naye kware wake aliwajua wote.

"Huyu ni yule mchokozi wa ghorofa ya juu. Na huyu, lo! Huyu alikufa juzi, nikamtupa mferejini. Bado anataga, mnamwona?"

Wakapiga makofi.

"Mwenyekiti, hayo ni mavi yako kwenye kisima changu."

"Mavi? Nani ananusa mavi hapa?" Wakavuta pumzi wote, kwa nguvu, nzi wakiwapanda usoni. Wakatikisa vichwa. "Unaona, mama? Na mimi sikudai kitu, ingawa madoa ni ya kware wangu."

Wakamsifu kwa ukarimu wake. Bi Murtini alitoka nje akatapika ukutani. Walimtia kinyaa wote, mwenyekiti na wao na karanga zao.

Wateja wa sokoni walikoma kabisa. Alichemsha maji, akayachuja, akaweka mkaa. Tofu ikatoka na madoa yale yale. Akawa anakula wali kwa chumvi, soya zikimharibikia guniani. Sukamdi alipofanya kisomo kingine, Bi Tukinem alimletea kisanduku mlangoni.

"Kula, shoga. Utapumzika."

Alifumba macho. Yai liliteleza kama jicho la mbuzi, kiini kikamsagikia kinywani, kiunyoya kikamnasa kwenye jino. Akameza. Likarudi, akalimeza tena. Hapo uvundo ukakatika. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alinusa majani ya mchaichai dirishani kwake, akalia, kwa raha na kwa kujichukia, asijue kipi kimezidi.

Kesho yake alivuta ndoo kisimani. Funza walielea, akawachota kwa kata, akamimina maji kwenye soya. Asubuhi iliyofuata tofu aliiuza pale pale mtaani, watu wakichagua kwa madoa na kumtaja kila kware kwa ghorofa yake. Kabla ya adhuhuri ilikuwa karibu kuisha.

Wa mwisho kufika alikuwa mwanamke kijana aliyehamia juzi nyumba ya kona, mjamzito, amejiziba pua kwa mtandio. Alitazama sinia, halafu kisima.

"Samahani, mama. Mbona kunanuka hivi?"

Nzi alikuwa akitembea kwenye mdomo wa Bi Murtini. Hakumfukuza.

"Kunanuka? Labda pua yako, mwanangu," alisema, akimfungia kipande kikubwa kuliko vyote. "Kula. Utapumzika."