Goti la Winchi

Lifti ya hospitali ilikufa, lakini wagonjwa hawakuacha kuugua, na chumba cha upasuaji kilibaki kule kule ghorofa ya nne. Kwa hiyo wahudumu wawili wakawa ndio lifti. Mmoja alikuwa na mabega mapana kama mlango, wakamwita Winchi. Mwenzake alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee, mtu mwembamba asiyeishiwa mzaha. "Tulia mzee," alikuwa akimwambia kila anayelazwa kwenye machela, "abiria wa daraja la kwanza hapandi kwa miguu."

Wiki ya tatu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwona Winchi akikosa kidato mara mbili. Akamwita chumbani kwake asubuhi, kabla ya kazi.

"Kaa. Fumba macho."

Alimnyanyua mguu mpaka kwenye alama ya chaki ukutani, akaushikilia, akaushusha. "Sasa urudishe mwenyewe pale pale." Winchi akaurudisha. Alikosea kwa upana wa kidole tu.

Saa nane mchana, baada ya safari kumi na moja, alimwita tena. Winchi akafumba macho, akanyanyua mguu. "Hapa hapa."

"Fumbua."

Mguu ulikuwa unaning'inia shibiri nzima chini ya alama. Winchi akacheka. "Dada, umeihamisha chaki."

Dada hakucheka. "Msuli wa paja ukichoka hauishiwi nguvu tu, unaacha kukuletea habari. Unadhani goti limenyooka, kumbe limepinda. Na kushuka ndiko kubaya zaidi, maana msuli huo ndio breki yako. Leo usibebe tena." Akamwandikia cheti.

Winchi alikitia mfukoni mwa shati. Alipita mbele ya mlango wa msimamizi, ukiwa wazi, asiingie. Mtu anayeitwa Winchi ataingiaje na karatasi ya kusema amechoka? Na akipumzika yeye, shemeji atabeba na nani?

Shemeji alimkuta kwenye ngazi akilisugua goti. "Linakusumbua?"

"Halina neno."

"Leo basi tubadilishane. Mimi nikae chini kwenye uzito, wewe shika upande wa kichwani."

Siku zote Winchi ndiye aliyekaa chini. Leo akashika upande wa kichwani.

Walikuwa wanamteremsha bibi mmoja aliyefungwa plasta, mikanda imemkaza vizuri. Ghorofa ya tatu walipita salama. Baada ya pale Winchi alihisi paja likitetemeka, na misuli ya nyuma ya goti ikijikaza kama kamba, kana kwamba inaziba pengo la msuli wa paja. Alishusha mguu akiwa na hakika kidato kipo. Hakikuwapo. Kilikuwa chini zaidi, na goti likakunjika kabla yeye hajajua limeanza kukunjika.

Machela ikamponyoka. Bibi aliteleza nayo, akaumia mkono tu. Shemeji ndiye aliyeipokea kwa kifua, akaenda nayo kinyumenyume mpaka kisogo kikagonga ukuta wa kona.

Walimbeba wengine kumrudisha ghorofa ya nne. Alikata roho siku ya pili, hakuwahi kusema neno.

Winchi alikuwa amempelekea msimamizi kile cheti jioni ile ile ya ajali. Msimamizi alikisoma, akakikunja, akamrudishia. "Hiki sijakiona. Ngazi zilikuwa na maji. Ndivyo nitakavyoandika, kwa faida yako na yetu." Winchi akakirudisha mfukoni. Msibani watu walimpa pole kwa mikono miwili, wakilaani maji, wakimlaani aliyepiga deki.

Mpiga deki alifukuzwa kazi. Mama wa watu, aliondoka na ndoo yake mwenyewe. Habari hiyo ndiyo iliyomshinda Winchi. Akaenda kwa mdogo wake, akamkuta anakunja mashati ya marehemu.

"Hapakuwa na maji," alisema.

Mdogo wake aliendelea kukunja.

"Niliambiwa mchana ule nisibebe. Goti lilishapimwa. Sikumwambia mumeo."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini, kaka?"

"Nilimjibu halina neno."

Mikono ya mdogo wake ilisimama juu ya shati. Uani watoto walikuwa wakigombana.

"Huyo mama wa deki," alisema, "kesho uende ukaseme mbele yao wote, arudishwe. Kwangu usije mpaka nikuite. Na wanangu usiwaambie. Nitawaambia mimi, wakipata akili ya kubeba."

Winchi alienda, akasema. Yule mama alirudishwa, yeye akaondolewa kazini. Mwaka wa pili sasa, mdogo wake hajamwita.