Mizani ya Sebuleni

Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa mtu wa mizani, mkaguzi wa ofisi ya vipimo. Napita buchani, sokoni na kwenye maghala ya nafaka nikiwa nimebeba mawe ya kupimia, kilo kumi mkono huu na kilo kumi mkono ule. Naweka jiwe, natazama mshale, kisha nabandika lakiri yangu au naifungia mizani kabisa. Wauza nyama hawanipendi. Ikifika jioni mabega yamekufa ganzi na magoti yanalia, na sebuleni kwangu hakuna pa kunyoosha miguu, kwa sababu pamejaa mizani mbovu ninazozileta kuzitengeneza.

Binti yetu alizaliwa mkubwa. Nilimpima mwenyewe, siku ya tatu, juu ya mizani ya duka niliyoipangusa kwa maji ya moto. Kilo nne na robo. Nilitoka nje nikautangazia mtaa mzima, na tangu siku hiyo akawa Kilo Nne, au Kilo kwa mkato, na mimi nikawa Baba Kilo. Jina alilopewa na bibi yake lilibaki kwenye cheti na kwenye madaftari ya shule.

Mwaka huu, akiwa na miaka kumi na mitano, alianguka shuleni wakiwa kwenye mstari asubuhi. Walimu walimpepea, wakampa maji ya sukari, wakaniita. Kumbe alikuwa na siku tatu hajatia kitu tumboni zaidi ya chai ya rangi. Alitaka kupungua. Wiki chache kabla shangazi yake, dada yangu wa damu, alikuja kututembelea, akamgeuza huku na huku na kusema, "Makubwa! Mlangoni unaingiaje, mwenzetu?" Akacheka, akamaliza chai yake, akaenda zake. Binti yangu naye alicheka, na kuanzia hapo akawa anaacha sahani nusu.

Nesi wa zahanati tuliyompeleka alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Alimpima, akaandika, akavuta kiti karibu naye.

"Ukitaka kupungua nitakusaidia, mwanangu. Lakini mwili wako bado unakua, unadai chakula. Tutakwenda polepole, na hutakwenda peke yako."

Kisha akatugeukia sisi wazazi, na ndipo kazi ilipoanza. Kifungua kinywa kila siku, bila kuruka. Mboga nusu sahani, kwa kila mtu mezani. Soda itoke ndani ya nyumba, asinyimwe mtoto huku baba anakunywa. Alale mapema. Atembee kila jioni, na mtu wa kutembea naye. Utani wa mwili ni marufuku.

"Na hiyo mizani ya kujipimia anayosema iko sebuleni kwenu, iondoeni. Nitampima mimi, hapa, mara moja kwa mwezi."

Nilitikisa kichwa kukubali kila neno. Kwenye utani wa mwili nilikitikisa zaidi, nikimfikiria dada yangu.

Basi tukajikaza. Mke wangu anafua mashuka ya hospitali kutwa nzima, mikono yake imekunjamana kwa maji, lakini alianza kuamka nusu saa mapema kuchemsha mayai na kukatakata mboga za jioni. Siku moja nilimkuta amesinzia kitini, kisu mkononi, karoti imekatwa nusu. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani naweka begi chini, nakunywa maji, natoka tena. Tulikuwa tunatembea mpaka kwenye tangi kubwa la maji na kurudi. Magoti yangu hakuna aliyeyauliza.

"Kilo Nne!" watu walikuwa wakiita kutoka vibarazani. "Baba Kilo! Safari ya wapi?"

Mimi nilikuwa napunga mkono. Yeye alikuwa anatazama chini, nikadhani anaangalia mawe asijikwae.

Kitu kimoja tu sikukifanya, na ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote. Ile mizani ya kusimama juu yake niliiacha palepale karibu na pazia. Ilikuwa nzito, nami nilikuwa hoi, na kila siku nilikuwa nasema kesho. Asubuhi moja nikamwona binti yangu amepanda juu yake, pekupeku, anautazama mshale kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Akashuka. Akaenda mezani, akalisukuma yai upande wa mama yake.

"Sina njaa."

Mke wangu alinitazama. Hakuwa hata na nguvu ya kugomba.

Nesi alisema niiondoe, na mtu yeyote mwenye akili angeiondoa. Mimi mikono yangu imezoea kurekebisha. Mchana ule, nyumba ikiwa tupu, nilifungua kifuniko cha chini nikakaza springi. Sikugusa sifuri, kwa sababu sifuri ikikaa vibaya hata mtoto anaiona. Nilikuwa nakaza kidogo kidogo, siku hii na siku ile, kwa wiki tatu, mpaka kila kilo ishirini zikawa zinasoma kumi na tisa. Nimefungia mabucha mengi kwa wizi mdogo kuliko huo. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniita kulalamika kwamba mizani inampendelea.

Na ilifanya kazi, ndicho kilichonipofusha. Alikuwa anashuka pale anaimba. Alikula yai lake, akala na mboga bila kuhesabu vipande. Jioni alikuwa akinitangulia njiani, anageuka na kucheka, "Baba, unabaki nyuma!" Usingizi wake ukarudi. Nilijiambia kwamba uongo huu ni dawa, na dozi ikiisha nitailegeza springi taratibu, hakuna atakayejua.

Mwezi ulipotimia tukarudi zahanati. Nesi akampandisha kwenye mizani yake, akavaa miwani, akapiga makofi.

"Kilo moja! Na uso umenawiri, macho yamechangamka. Hivi ndivyo ninavyotaka."

"Moja?" binti yangu akauliza.

"Moja kamili."

"Siyo nne na nusu?"

"Nne na nusu kwa mwezi ningekulaza wodini, mwanangu."

Nesi alicheka. Binti yangu hakucheka. Aliinama taratibu, akasoma kibandiko ubavuni mwa mizani ile. Kilikuwa na muhuri wa ofisi yetu, tarehe ya mwaka huu, na sahihi yangu. Alipoinuka alinitazama mimi. Mimi nikatazama picha ya ukutani ya jinsi ya kunawa mikono.

Njia nzima alitembea mbele yangu. Tulipofika aliingia sebuleni, akafungua begi langu la kazi, akatoa jiwe la kwanza akaliweka juu ya mizani. Akatoa na la pili. Nilimfundisha mwenyewe, akiwa na miaka saba, jinsi ya kuweka mawe madogo katikati bila kuyadondosha.

"Baba, haya ni ishirini?"

"Ni ishirini."

"Inasoma kumi na tisa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kiufundi. Ningeweza kusema springi imechoka, au sakafu imeinama. Nilijiona nimesimama mbele yangu mwenyewe kama wauza nyama wanavyosimama.

"Nimeikaza mimi," nikasema. "Nilitaka ule."

Akayarudisha mawe ndani ya begi, moja baada ya jingine, akafunga zipu, akaingia chumbani kwake. Usiku huo hakula. Asubuhi yake, Jumamosi, hakula. Mke wangu aliweka yai mezani, akaliondoa, akaliweka tena.

"Mtoto amepungua kilo moja ya halali," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kwa jasho lake, na usingizi wangu. Wewe umekwenda ukaifanya ionekane si kitu."

Nilianza kutoa mizani. Zilikuwa kumi na moja, na nilizibeba moja moja mpaka stoo ya nyuma, mgongo ukinichoma. Nilipokuwa na ile ya mwisho, ile ya kusimama juu yake, nilimkuta binti yangu ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Nilikuwa nafurahi, baba," akasema. "Kila asubuhi napanda pale nafurahi kama mjinga."

"Mjinga ni mimi, mwanangu. Nisamehe. Nesi aliniambia niitoe, sikumsikiliza."

Niliiweka mizani chini ili nipumue.

"Na yule shangazi yako nitamwambia. Akija tena na utani wake..."

"Shangazi alisema siku moja," akanikatiza. "Wewe unasema kila siku."

"Mimi? Nimesema nini?"

Alinitazama kana kwamba ninafanya makusudi.

"Mtaa mzima, baba. Nikienda dukani wanaita uzito wangu. Shuleni wamejua, wanauliza kilo nne za wapi. Hata wewe mwenyewe unaitwa kwa uzito wangu."

Akainuka akaingia ndani. Nikakaa juu ya ile mizani. Miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimelitoa jina lile kwa furaha, mlangoni, mtoto wa siku tatu mikononi, na siku zote nilidhani analibeba kwa furaha ileile.

Jioni mke wangu alipakua. Maharage, mboga nusu sahani, sahani tatu. Akanionyesha kwa kidevu upande wa chumba cha mtoto, maana yeye alishaita mara mbili bila kujibiwa.

Nilisimama mbele ya mlango. Mdomo ulishafunguka kuita kama kawaida, nikaufunga. Kisha nikaliita jina lake, lile alilopewa na bibi yake, lote, kama lilivyoandikwa kwenye cheti. Mara ya mwisho kulitamka ilikuwa mbele ya karani aliyekiandika. Lilinitoka kwa kigugumizi, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Huko nyuma upawa wa mke wangu ukatulia ndani ya sufuria.

Kitanda kililia. Nikadhani amegeukia ukutani, na hapa ndipo nimempoteza.

"Abee, baba."

"Chakula kiko mezani."

Alitoka, macho yamevimba. Akapita kando yangu, akavuta kiti, akaangalia sahani zote tatu kama ziko sawa. Zilikuwa sawa. Akachukua kijiko.

"Tukimaliza tunakwenda mpaka kwenye tangi?" akauliza.

Magoti yangu yalikuwa yamekwisha kabisa. Nikamwambia tunakwenda.