Kucha za Barqa

Kwa jina la Mola aliyewaumba wasemao na wasiosema, ajuaye kipitacho ndani ya damu zao, naanza.

Waliokuwemo ni hawa: Sleyum bin Aflah, aliyefika Ghala, kijiji cha Oman, kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mkewe Mahfoudha, na binamu yake Majid, aliyewapa nyumba ya kukaa pamoja na Barqa, mbwa jike wa kuwindia. Kwa sungura aliowakamata Barqa, nyumba ile haikukosa kitoweo miaka mitatu.

Mwaka wa nne Barqa akakonda. Manyoya yakampukutika kuzunguka macho, vidonda vikamtoka masikioni, kucha zikarefuka mno.

"Upele huo," akasema Mahfoudha, akamchanganyia mumewe mafuta ya nazi na unga wa kibiriti ampake Barqa. Majid naye akamchoma kwa chuma cha moto, kama ilivyo ada ya Oman. Hakikufaa kitu.

"Bibi harusi gani ana kucha hizi?" Majid alicheka. "Sleyum, nna mbwa watatu wengine, wasije wakaambukizwa. Ijumaa ikimkuta hivi, ntampiga risasi."

"Weye ndiye uliyenipa."

"Ndiyo maana ntampiga mwenyewe."

Jumatano Sleyum akampakia Barqa juu ya punda hadi Matrah kwa tabibu wa Kihindi. Tabibu akamtoa maji ya tezi kwa sindano, akayatazama katika darubini, akastaajabu.

"Vijidudu hivi kwetu huua watu. Huenezwa na usubi, wadogo kuliko mbu, wakaao katika samadi na nyufa za kuta. Hujaona mbweha mwenye hali hii?"

Sleyum akamkumbuka mbweha mmoja huko Ansab, uso mtupu hauna manyoya.

"Na mbwa wako hulala wapi?"

Sleyum akainama. Kwa kuchunga tohara, mikeka ya kusalia isije ikanajisika, wao wenyewe walimfunga nyuma ya zizi la punda, penye samadi na ukuta uliopasuka.

Tabibu akampa dawa, akamfundisha kudunga sindano. "Kupona kabisa siahidi. Nguvu atapata."

Ijumaa, baada ya sala, Majid akaja na bunduki. Akamkuta Mahfoudha amerowa udongo hadi viwikoni, anaziba nyufa.

"Shemeji, hiyo bunduki ya nani?"

"Ya mbwa."

"Basi itue, ushike udongo. Mwenyewe yuko kule juu ya jukwaa la kuanikia tende, anapigwa na upepo, usubi hawamfiki. Mikeka yangu i mbali naye, na miye sijapata kulala pazuri hivyo!"

Majid akaangua kicheko. "Nampa mwezi mmoja." Akakunja mikono ya kanzu.

Mwezi ulipotimia Majid alirudi, safari hii na kisu cha kukatia kwato. Barqa alikuwa amenenepa kidogo, na manyoya yameanza kuota kuzunguka macho. Majid akampakata mguu, akampunguza kucha moja moja, huku akimnong'oneza maneno tusiyoyasikia. Wiki ile ile Barqa akakamata sungura, ingawa alichechemea.

Mola awarehemu waliotangulia, na waliobaki katika nyumba ile awape afya, riziki ya halali, na huruma kwa kila chenye roho. Amin.