Diski Iliyoachwa Wazi

Mzee hakuwa mtu wa kubahatisha mashine. Alikuwa amepanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mbili, na kila chombo kilichoingia nyumbani kwake, iwe pasi au jokofu, alikisomea kitabu chake cha maelekezo jalada hadi jalada, kisha akakihifadhi kitabu hicho ndani ya kopo la biskuti. Kwa hiyo binti yake alipomletea deki mpya ya DVD, hakumruhusu aguse hata waya mmoja.

"Baba, ni kuchomeka tu. Njano kwenye njano, nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe."

"Kuchomeka hata kuku anaweza. Kujua unachochomeka ndiyo kazi."

Akavaa miwani, akasoma. Njano ni picha. Nyekundu na nyeupe ni sauti, kulia na kushoto. Saa nne asubuhi kioo cha televisheni kikawaka buluu, na mzee akatabasamu kama bwana harusi. Wakaweka CD ya nyimbo, ikaimba. Wakaweka filamu ya VCD, zile za kubadilisha diski pale hadithi inaponoga, ikacheza. DVD ya dukani nayo ikacheza, picha safi kama dirisha lililooshwa.

Ndipo mzee akafungua bahasha aliyokuwa ameiweka mapajani tangu asubuhi. Ndani mlikuwa na diski moja, imeandikwa kwa mkono wake: Nyumbani. Mkewe, aliyefariki miaka sita iliyopita, alikuwa humo. Deki yenyewe alikuwa ameiomba kwa ajili ya diski hiyo. Sura ya mkewe aliiona bado kila alipofumba macho, lakini sauti ilikuwa imeanza kumtoroka, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu.

Deki ikaimeza diski, ikakoroma, ikaitema. Haisomeki.

"Labda ina mikwaruzo," binti alisema.

Haikuwa na hata mmoja. Mzee akarudi kitabuni, akapekua mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Diski iliyorekodiwa nyumbani, kilieleza kitabu, haitacheza katika deki nyingine mpaka ifungwe kwanza, yaani rekodi yake ikamilishwe, na deki iliyoirekodi.

Aliusoma mstari huo mara tatu. Aliikumbuka siku ile vizuri: kamera ya kuazima, deki ya kurekodi iliyokuwa fahari ya sebule, na swali lililotokea kwenye kioo mwishoni, kama aifunge diski. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Usiifunge," alisema. "Nafasi bado ipo, tutaongeza wajukuu." Naye akaiacha wazi. Mkanda wa kamera aliurudisha kwa mwenyewe, ikarekodiwa harusi ya watu juu yake.

"Na ile deki ya zamani bado iko kwa mjomba?" binti aliuliza polepole.

Ilikuwa huko. Baada ya mazishi mzee hakuweza kuitazama, akaibeba hadi kwa shemeji yake, kinyozi, akamwambia mbele ya wateja: "Chukua bati hili. Limekwisha. Litamfaa mtu asiyesoma." Tangu siku hiyo mzee alinyolewa kwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini leo ilibidi ainame ayazoe.

Alimkuta kinyozi ameshika wembe, mteja mmoja kitini, povu limemfunika mpaka masikioni. Deki ilikuwa juu ya rafu, karibu na kioo cha kujitazamia, ikionyesha filamu ya mapigano.

"Karibu, msomi," kinyozi alisema bila kugeuka. "Umekuja kunyolewa au kutusomea?"

"Nimekuja kuomba."

"Rudia, shemeji. Sikio hili lina povu."

"Nimekuja kuomba. Ile deki niliyoiita bati."

"Bati hilo halijapumzika hata siku moja kwa miaka sita." Kisha akaiona bahasha, akaona na mikono iliyoishika, akaweka wembe chini. "Ni yeye?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Diski ikaingia. Mzee akatoa kitabu cha deki hiyo kutoka mfukoni, akaongoza hatua kwa hatua, hadi maneno mawili yakatokea kwenye televisheni, moja juu ya jingine, na hakuna lililowaka bado. La juu lilikuwa la kufunga diski. La chini lilikuwa la kuiandaa upya, yaani kufuta kila kitu. Mzee akanyoosha kidole kwenye rimoti.

"Acha!" kinyozi alifoka. "Mshale huo umechoka. Ukiubonyeza mara moja, unaruka mara mbili, utaangukia kufuta. Hilo limo kitabuni?"

Halikuwamo. Mzee akatazama kitabu, akatazama rimoti iliyofungwa kwa plasta, kisha akampa kinyozi rimoti hiyo. Lakini hakuachia.

"Ikishafungwa, haiongezwi tena kitu," alisema.

"Shemeji," kinyozi akajibu taratibu, "dada hataongeza kitu."

Mzee akaachia.

Kinyozi aligusa mshale kwa ncha ya ukucha, kama anayemgusa mtoto aliyelala, neno la juu likawaka, akabonyeza. Mashine ikaguna dakika nne nzima. Povu la mteja likaanza kukauka, naye hakuthubutu kulalamika.

Kisha picha ikaja, imelala ubavu, na sauti juu yake: "Mpanga herufi mzima, hata kamera hujui juu ni wapi! Na kaka yangu mvivu yuko wapi na viti vyangu?"

"Huyo mama ni nani?" mteja aliuliza.

"Mke wangu," alisema mzee.

"Dada yangu," alisema kinyozi, kwa wakati uleule.

Mzee akavuta kiti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Pale anapokuita mvivu."

"Hapo hapana maana," kinyozi akasema. Lakini alirudisha.