Waliosubiri kwenye Laini

Kisanduku kilifika Jumanne saa nne asubuhi, kikiwa ndani ya boksi kubwa mara tatu kuliko chenyewe. Bi Subiri alikifungulia juu ya meza ya simu, kando ya kitambaa alichokifuma kwa mkono. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, cheusi, chenye kioo chembamba na kitufe kimoja chekundu. Aliyekituma ni binti yake. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo, lakini hamkuwa na barua.

Maelezo yalikuwa mepesi. Waya wa ukutani unachomekwa upande huu, waya wa simu upande ule. Akipiga mtu usiyemtaka, unabonyeza kitufe chekundu, naye hakupati tena. Namba yake inabaki kwenye orodha, na orodha inasomeka kwenye kioo wakati wowote.

Bi Subiri si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa opereta wa mitambo ya simu kwa miaka thelathini na mmoja, enzi zile za kuchomeka nyaya kwa mkono, na katika miaka hiyo alitamka "Subiri kwenye laini, tafadhali" mara nyingi kuliko alivyotamka jina lake. Wenzake wakambandika, likaganda. Kazini kwao kulikuwa na sheria moja iliyozizidi nyingine zote: opereta hawi wa kwanza kukata simu. Amestaafu, mumewe amefariki, mitambo imeuzwa kama vyuma chakavu, lakini sheria ile haijamtoka mwilini.

Watu wanaouza vitu kwa simu waliligundua hilo mapema. Walimpigia akiwa anapika, akiwa anaoga, akiwa amelala usingizi wa mchana. Hakununua hata sindano, ila aliwasikiliza hadi wakakaukiwa, na kila aliyemaliza alimpasia mwenzake namba. Kero ilikuwa kero, lakini hiyo angeivumilia. Kilichomkosesha raha ni kwamba binti yake alihamia mbali miaka miwili iliyopita, aliahidi kupiga kila Jumapili, na kila alipoulizwa mbona kimya alikuwa na jibu moja: "Mama, laini yako haishikiki. Kutwa unaongea na watu." Ndiyo maana ya kisanduku.

Simu ya kwanza iliingia kabla ya adhuhuri. Msichana mwenye uchangamfu wa kujilazimisha alitaka kuzungumzia bima ya mazishi. Bi Subiri alipeleka kidole kwenye kitufe, na kabla hajabonyeza, mdomo ukamtangulia.

"Subiri kwenye laini, tafadhali," alisema, kisha akabonyeza.

Laini ikanyamaza. Alipotoka jikoni na kikombe chake cha chai, msichana wa bima alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, hedifoni kichwani, mikono mapajani, anasubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Sisi mapumziko yetu ni saa saba."

Bi Subiri alirudi jikoni kuchukua kikombe cha pili.

Kufika jioni alikuwepo pia bwana wa magodoro, mtu mzima mwenye tai. Jumatano wakaongezeka wawili wa vyombo vya jikoni, na kufika Ijumaa walikuwa tisa. Kila simu Bi Subiri alijiapiza kwamba safari hii atafunga mdomo, na kila simu mdomo ulimtoroka. Hawakuwa watu wa makuu. Walikunja nguo zilizoanuliwa, walifuta vumbi juu ya kabati ambako yeye hafiki siku hizi, na bwana wa magodoro alikaza mguu wa meza uliokuwa ukicheza tangu mumewe alipokuwa hai.

"Si mwende zenu tu, wanangu?" aliwauliza. "Mlango uko wazi."

"Umetuambia tusubiri, mama," bwana wa magodoro alisema. "Kwetu ukimkatia mteja, kazi huna siku hiyohiyo."

"Na huko kazini hawawatafuti?"

Msichana wa bima alicheka kidogo. "Mkuu wetu hatazami watu, anatazama taa. Taa ya kiti changu inawaka kijani, maana yake niko na mteja. Nikiendelea hivi nitakuwa mfanyakazi bora wa mwezi."

Bi Subiri aliwaonea huruma kama angewaonea watoto wa kuwazaa. Alikumbuka benchi lake mwenyewe na taa zake, na ile siku alipoenda chooni bila ruhusa akaandikiwa barua.

Jumapili alivaa gauni lake la maua na kukaa kando ya simu tangu saa tatu. Sebule nzima ilizuia pumzi kwa ajili yake. Bwana wa magodoro alibana chafya mpaka macho yakamtoka machozi. Simu haikulia. Jumapili ya pili walikuwa kumi na wanne, gauni ni lile lile, na simu haikulia.

Jumatatu yake alimwita msichana wa bima mezani.

"Mwanangu, macho yangu hayafiki kwenye kioo hiki. Nisomee orodha. Huenda kimemzuia binti yangu."

Msichana akainama, akasoma namba ya kwanza. "Hiyo yangu," alisema. Akasoma ya pili, bwana wa magodoro akainua mkono. Akaendelea hivyo taratibu, na kila namba ikapata mwenyewe mle ndani, kwenye kochi, kwenye mkeka, kwenye kizingiti cha jikoni, hadi namba zikaisha.

"Hayumo, mama."

"Soma tena."

Alisoma tena, polepole zaidi, na mikono kumi na minne ikainuka mmoja mmoja. Bi Subiri aliumia, na hakuificha. Alijipangusa macho kwa upindo wa khanga, akaenda kupika, maana watu wanakula.

Jumapili ya tatu, saa tano na robo, simu ililia.

"Mama! Afadhali leo umepatikana. Wiki mbili napiga, hicho kidude kinanizuia."

Watu wote sebuleni waliangalia chini. Bi Subiri alimtazama msichana wa bima, naye akageuza uso.

"Ni kweli, mwanangu," Bi Subiri alisema. "Kibovu hiki. Nitakipeleka kwa fundi."

"Kipeleke, maana umeona sasa."

"Nitakipeleka. Nilitaka kukuuliza, utakuja lini? Au mimi nije, hata siku mbili tu, nikuone..."

"Mama, kuna simu nyingine inaingia. Subiri kwenye laini."

Bi Subiri akasubiri.

Kiti alichokuwa amekalia sasa kilikuwa kiti kingine, kigumu zaidi, kwenye korido nyembamba yenye viatu vilivyopangwa ukutani. Mkono wa simu alikuwa nao sikioni. Hakuwahi kufika kwenye nyumba hii, na aliona ni nzuri, ina madirisha makubwa. Kitambaa alichomfumia binti yake wakati wa kuhama kilikuwa pale sakafuni, chini ya miavuli, kikinyonya maji.

Mlango ukafunguliwa na binti yake akatoka, simu ya mkononi begani, anacheka na mtu. Alikuwa amenenepa kidogo, kapendeza. Alipopita, goti lake liligusa la mama yake.

"Samahani, mama," alisema, akaingia jikoni na kuendelea kucheka.

Bi Subiri angeweza kukata. Aliuhamishia mkono wa simu kwenye sikio la pili, la kwanza lilishachoka, akakunja miguu chini ya kiti ili asimzibie mtu njia.